Mikono Isiyoandikwa Daftarini

Mhadhara kwa walimu, viongozi wa vyama vya msingi na maofisa ugani, Tabora



Naomba nianze na hesabu, maana ndiyo itakayotubeba leo. Chukueni ekari moja ya tumbaku ya mvuke. Tuta na tuta sentimita 120, mche na mche sentimita 50. Ekari hiyo inabeba miche zaidi ya 6,500. Mche uliotunzwa vizuri, ukishakatwa maua, unabaki na majani kama 18 ya kuvuna. Zidisheni mtapata majani 117,000. Huku kwetu hakuna mashine ya kuyavuna. Jani linachumwa kwa mkono, linafungwa kwenye fito kwa mkono, linapandishwa banini, kwenye banda la kukaushia, linashushwa na kufunguliwa, linachambuliwa kwa daraja, ndipo linapangwa kwenye mtumba. Tukisema kila jani linaguswa mara tano tu, ekari moja inadai kuguswa karibu mara 600,000 kabla haijafika sokoni. Na wengi wenu hapa mnalima zaidi ya ekari moja. Lakini kwenye daftari la chama cha msingi, mbele ya shamba hilo limeandikwa jina la mtu mmoja.

Nimekuwa bwana shamba kwa miaka 23, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimalizia kwenye vijiji vya tumbaku. Nimekagua vitalu, nimepima matuta, nimefundisha namna ya kukata maua na kuondoa machipukizi, nimeandika makisio ya mavuno. Nilikuwa najua kilo zitakazotoka kabla ya mwenye shamba kujua. Swali la mikono mingine inatoka wapi sikuliuliza. Niliiona kila siku, na kwa kuwa niliiona kila siku, nikaacha kuiona.

Ilikuwa asubuhi moja ya Januari, shule zimefunguliwa wiki ya pili. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na jua lilikuwa halijapata nguvu. Nilipofika shambani kwa mkulima mmoja, mwanachama mzuri tu, nilikuta mavuno yameanza. Baba yuko mbele, mama yuko tuta la pili, na nyuma yao binti wa kama miaka 11. Alikuwa amevaa mfuko wa mbolea uliotobolewa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Majani aliyokwisha kuyachuma aliyabana kwapani, kama wachumaji wote wanavyofanya, na maji ya majani yale yalikuwa yanamtiririka ubavuni hadi kwenye sketi. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa ule utomvu unaong'ang'ania kama lami. Alipofika mwisho wa tuta aliyaweka majani chini kwa adabu, yasichanike, akainama pembeni akatapika. Kisha akarudi kwenye tuta.

Nilimuuliza mama yake: mtoto ana nini?

"Tumbaku imemlevya tu, bwana shamba. Atazoea. Hata mimi ilikuwa ikinilevya."

Mama yule hakuwa katili. Alikuwa amebeba chupa ya uji wa mtoto begani, na jioni yake nilipopita tena alikuwa amekaa naye uani anamsugua mikono kwa mchanga na sabuni ya mche. Alinieleza kwamba utomvu usipotoka, ugali wote unakuwa mchungu mdomoni. Binti alikuwa anaumwa kichwa, hajala tangu asubuhi. Baba akasema ni malaria, na amekwisha kununua dawa dukani.

Nataka tukae hapa kidogo. "Kulewa tumbaku" tunakokuzungumzia kama jambo la kawaida ni sumu. Nikotini iliyomo kwenye jani bichi inayeyuka katika maji. Jani likiwa na umande au mvua, maji yale yanaichukua, na ngozi iliyolowa inaipitisha hadi kwenye damu. Huhitaji kuvuta wala kutafuna. Madaktari waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970 huko Florida, Marekani, baada ya wachumaji wa tumbaku kuumwa kwa namna moja: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma, mwili kulegea. Dalili zinaanza saa chache baada ya kugusa majani na zinaweza kudumu siku nzima au zaidi. Mtoto anaumia kuliko mtu mzima, kwa sababu ukilinganisha na uzito wake ana ngozi nyingi, na mwili wake na ubongo wake bado vinajengwa.

Huku kwetu kuna jambo linaloufanya ugonjwa huu ufiche uso wake. Tumbaku yetu inavunwa katikati ya masika. Januari, Februari na Machi ndiyo miezi ya majani kulowa, na ndiyo hiyo hiyo miezi ya mbu. Mtoto akitapika na kuumwa kichwa, kila mtu kuanzia mama mpaka mwenye duka la dawa anasema malaria, na mara nyingine ni malaria kweli. Kwa hiyo sumu ya jani haiandikwi popote. Zahanati haina safu yake. Mwalimu anaandika "mgonjwa" kwenye mahudhurio. Binti anapewa vidonge, analala, akipata nafuu anarudishwa kwenye tuta, na wazazi wake hawana njia ya kujua kwamba wamemrudisha pale pale palipomuumiza.

Sasa niseme juu ya maneno, maana maneno nayo yamechangia. Katika mikutano yetu tunasema "ajira kwa watoto". Nimewahi kusimama kijijini nikatumia neno hilo, mzee mmoja akanyanyuka taratibu akasema: "Bwana shamba, mimi sijaajiri mtoto. Huyu ni wangu. Ananisaidia." Na alikuwa anasema kweli kwa jinsi alivyolielewa neno. Ajira ni mshahara, ni mkataba, ni tajiri na kibarua. Lakini makadirio ya dunia yaliyofanywa na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF kwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba karibu watoto 72 katika kila 100 wanaofanya kazi zisizowafaa wanazifanya ndani ya familia zao wenyewe, bila ujira. Neno "ajira" linawapita wote hao. Ndiyo maana napendelea "utumikishwaji", na katika mavuno napendelea zaidi "kazi hatarishi", kwa sababu linatutoa kwenye swali la nani kamtuma mtoto na kutupeleka kwenye swali la kazi yenyewe inamfanya nini.

Mzee yule alikuwa na hoja ya pili, nayo sitaki kuikwepa. Alisema mtoto asiyefundishwa kazi huwa mzigo. Nami nimelelewa hivyo. Nilichunga mbuzi, nilichota maji, nilipalilia karanga na mama yangu, na sioni kwamba nilionewa. Sheria yetu nayo haisemi mtoto akae tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, ile isiyomdhuru afya wala kumnyima shule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka umri huo huo wa miaka 14, halafu inakataza aliye chini ya miaka 18 kutumika mahali penye hatari, na kilimo kimetajwa humo. Mstari unaonipa shida ni huu: kwenye jani bichi hakuna kazi nyepesi. Unaweza kumpa mtoto tuta fupi, unaweza kumwambia achume taratibu, unaweza kumpa muda wa kupumzika kivulini. Sumu haipungui kwa sababu mchumaji anapendwa na mwenye shamba.

Na jani bichi ni mwanzo tu. Kuna bomba la kunyunyizia linalobebwa mgongoni, ambalo likijaa dawa ni mzigo mzito kwa mtu mzima, nalo huvuja. Kuna kubeba kuni. Halafu kuna bani.

Wanaokausha kwa mvuke wanajua kwamba moto ukishawashwa haulali. Siku sita, siku saba, mchana na usiku, joto linapandishwa kwa hatua hadi kwenye nyuzi 70 hivi mwishoni ili vikonyo vikauke. Likishuka ghafla, jani linabadilika rangi, na rangi ndiyo daraja, na daraja ndiyo bei. Kwa hiyo lazima mtu akeshe. Usiku mmoja mwezi wa tatu, saa nane, pikipiki yangu ilipata pancha karibu na bani moja, nikaenda kuomba mwanga. Aliyekuwa analinda moto alikuwa kijana wa miaka 15 kutoka Kasulu. Amekaa juu ya gogo, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa bani kwa sababu ya joto, macho mekundu kwa moshi. Alinizibia pancha yeye mwenyewe, kwa ufundi mzuri kuliko wangu. Nikamuuliza analipwaje. Akasema alikuja mwezi wa kumi na moja na mjomba wa rafiki yake, makubaliano ni ya mdomo, atalipwa tumbaku ikiuzwa. Alikuwa ameshakopeshwa viatu, unga na dawa, vyote vitakatwa. Kiasi atakachobakiza hakukijua. Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kijana yule alikuwa na usiku wa tano mfululizo.

Mwaka 2021 Malawi ilirekebisha sheria yake ya ajira ikaufuta mfumo wa wapangaji kwenye mashamba ya tumbaku, ule ambao familia nzima inahamia shambani kwa mwenye ardhi, inakula kwa mkopo msimu mzima, na kulipwa mwishoni baada ya makato. Nautaja kwa sababu mipaka ya nchi haiwatenganishi wanaoishi kwa hesabu moja. Pale mtu mzima anapolipwa mwisho wa msimu tu, na anapolipwa kwa uzito wa tumbaku badala ya siku zake za kazi, watoto wake wanaingia shambani bila kuitwa.

Hapo ndipo ninapotaka kuelekeza macho yenu. Tumekuwa tukilitazama jambo hili kama kosa la wazazi, na dawa yetu imekuwa semina. Nimeendesha semina hizo. Wazazi wanasikiliza, wanakubali, wanasaini karatasi ya mahudhurio, na Januari mtoto yuko kwenye tuta. Hawakutudanganya. Walipokuwa wanakubali walikuwa wanakubali kweli. Lakini mtoto yule alikuwa amekwisha kuingizwa shambani miezi mitano kabla ya hapo, siku baba yake alipochukua pembejeo.

Fuateni mwendo wake. Mwezi wa nane kitalu kinasiwa. Mbegu, mbolea, dawa na kamba vinakuja kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na ukubwa wa mkopo unafuata ukubwa wa shamba. Mkulima anaambiwa, au anajiambia, ekari mbili. Mkopo huo utakatwa sokoni kabla yeye hajashika senti. Bei inategemea daraja, na madaraja ni kwa makumi. Jani likichelewa siku mbili mtini au likipoteza rangi banini linashuka. Majani yanaiva kutoka chini kwenda juu, machache kila wiki, kwa hiyo mche mmoja unarudiwa tena na tena, na bani ikianza kujazwa lazima ijae haraka. Mwezi wa pili mkulima ana majani yasiyosubiri, deni lisilosubiri, na fedha taslimu hana hata ya kumlipa kibarua siku moja, kwa sababu fedha yote ya msimu iko mbele, sokoni, mwezi wa tano au wa sita. Mikono pekee inayokubali kufanya kazi bila kulipwa leo ni ya mkewe na ya watoto wake.

Kwenye hesabu hiyo mtoto ndiye anayeifanya ikae sawa. Mkimtoa bila kugusa kitu kingine chochote, shamba la ekari mbili halivuniki kwa deni lile. Mkulima anajua hivyo, mteuzi anayepanga madaraja sokoni anajua hivyo, mnunuzi anajua hivyo, na mimi niliyeandika makisio ya kilo nilikuwa najua hivyo. Tumeachiana kimya.

Kimya hiki kina umri. Urambo, hapa mkoani kwetu, ilifyekwa baada ya mwaka 1947 kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa, na katika ardhi iliyokwisha kufunguliwa Urambo, tumbaku ikaja kuchukua nafasi. Trekta zilishindwa na karanga. Tumbaku haikuhitaji trekta, ilihitaji familia. Tangu wakati huo zao hili limesimama juu ya kaya, na kaya kwetu ina watoto.

Tusiseme kwamba hakuna kilichofanyika. Tanzania iliridhia Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya umri wa chini wa kuanza kazi mwaka 1998, na Mkataba Na. 182 juu ya aina mbaya zaidi za utumikishwaji mwaka 2001. Mwaka huo huo, pamoja na El Salvador na Nepal, ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza duniani kuanza mpango wenye muda maalumu wa kuzikomesha aina hizo, na kilimo cha biashara kilikuwa ndani yake. Kati ya 2011 na 2015 mradi wa PROSPER wa kupambana na utumikishwaji wa watoto kwenye tumbaku ulifanya kazi Urambo na Sikonge. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne imekuwa bila ada. Na dunia nzima idadi imeshuka: makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa watoto milioni 160, ya mwaka 2024 milioni 138, na kati yao milioni 54 wako kwenye kazi hatarishi. Sehemu kubwa wako kwenye kilimo. Lengo la kumaliza utumikishwaji wa aina zote lilikuwa mwaka 2025. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya watoto milioni 4.

Mradi una mwanzo na mwisho, na gari lake likiondoka daftari la chama linabaki vilevile. Kitu kingine nilichojifunza ni kwamba mtoto anayetolewa upande mmoja huweza kuibukia upande wa pili. Watafiti waliofuatilia mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini walikuta kwamba fedha ambazo mpango huo huzipa kaya ziliwapunguza watoto waliokuwa wakifanya vibarua kwa watu, lakini ziliwaongeza wanaochunga mifugo ya nyumbani, kwa kuwa kaya ziliweza kununua mifugo. Mimi naona hayo ni mafanikio, tena makubwa. Kuchunga mbuzi wa kwenu kunakuachia nafasi ya kurudi shule ambayo kibarua hakikuachii. Lakini yanaonyesha kwamba kaya inajipanga upya kila unapogusa kitu, na lazima uiangalie hesabu yote.

Msidhani pia kwamba utumikishwaji huu ni wa nchi maskini tu. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyotokana na mahojiano na watoto 141 waliofanya kazi kwenye tumbaku katika majimbo manne ya Marekani. Wengi walieleza kutapika na kizunguzungu kama alivyokuwa binti yule wa tuta la tatu. Sheria ya Marekani inamruhusu mtoto wa miaka 12, mzazi akikubali, kufanya kazi shambani nje ya saa za shule, na tumbaku haikutengwa. Mwaka 2011 Wizara yao ya Kazi ilipendekeza kuitenga. Aprili 2012 ikaliondoa pendekezo hilo. Tangu Desemba 2019 sheria ya nchi hiyo hairuhusu mtu wa chini ya miaka 21 kuuziwa sigara. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2003 imeweka miaka 18. Kote kuwili, mtoto analindwa na sigara iliyokaushwa, ikakatwa, ikafungwa kwenye karatasi, huku jani lenyewe likiwa limelowa mikononi mwake.

Basi tufanye nini? Nitasema yale ambayo chama cha msingi na shule vinaweza kuyafanya kwa uwezo wao.

La kwanza ni mpaka usio na mjadala: aliye chini ya miaka 18 haligusi jani bichi, habebi bomba la dawa, halindi moto wa bani. Nimeyachagua matatu kwa makusudi. Tukileta orodha ndefu yenye kila kitu, mzee yule atanyanyuka tena na atakuwa na haki. Mtoto wa miaka 14 anaweza kumsaidia mama yake jikoni, kuchuma mboga, kupalilia mahindi baada ya masomo. Haya matatu hapana, na sababu yake aelezwe kila mzazi kwa lugha ya tumbo na kichwa, kwamba kutapika kule ni sumu na hakuzoeleki. Na watu wazima nao wangojee umande ukauke, wavae glovu na koti la mvua, wabadilishe nguo zilizolowa. Najua glovu zinachosha na zinachanika. Najua pia kwamba akina mama wajawazito wako kwenye matuta hayo hayo, na juu yao tunasema kidogo mno.

La pili ndilo lililonileta. Daftari la pembejeo liongezwe safu mbili. Moja iandike mikono ya watu wazima iliyopo kwenye kaya, kwa majina. Nyingine iandike siku za kazi ambazo ekari zinazoombwa zitahitaji wakati wa mavuno, na nani atazilipa. Mikono ikiwa minne na ekari zikihitaji mikono minane, kuna njia mbili za kweli: ekari zipungue, au mkopo uwe na fedha ya vibarua watu wazima inayotolewa Januari, wakati jani liko mtini, badala ya kusubiri Juni. Mbolea tunaikopesha kwa sababu tunajua tumbaku haioti bila mbolea. Haivuniki bila mikono pia, na mikono hatuikopeshi. Gharama hiyo ikishaandikwa ndani ya vitabu vya vyama, itaingia kwenye makadirio ya gharama za uzalishaji, na viongozi wetu wanapokaa na wanunuzi kujadili bei watakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Leo hawana. Bei ya tumbaku inajadiliwa kana kwamba majani 117,000 yalijichuma.

Nimeulizwa kama wanunuzi watakubali. Watabishana, ndiyo kazi yao. Lakini hao hao hutuma watu vijijini kukagua kama kuna watoto mashambani, kwa sababu wateja wao huko nje wanauliza. Anayeuliza kama kuna mtoto shambani aulizwe naye bei aliyotoa inamlipa mtu mzima yupi.

Kwa walimu nina ombi dogo. Januari hadi Machi, msiandike "mgonjwa" au "mtoro" mkaishia hapo. Muulizeni mtoto alikuwa wapi jana, mtazame viganja. Utomvu wa tumbaku hautoki kwa siku moja. Mwalimu mkuu mmoja, ambaye hataki nimtaje, ameweka daftari la namna hiyo kwa misimu mitatu, na linaonyesha wiki kwa wiki ni bani zipi zilikuwa zinajazwa. Hakulipeleka polisi. Alilipeleka kwenye mkutano wa kijiji, akasoma idadi bila majina, na watu wakanyamaza.

Wale vijana wa miaka 15, 16 na 17 ambao shule imeshawapita, kama yule aliyenizibia pancha, nao tusiwafukuze bani tukadhani tumewasaidia. Kijana yule angefukuzwa angehamia bani ya jirani. Alihitaji malipo ya kila mwezi, kazi ya mchana, na mtu wa kumwonyesha mlango wa chuo cha ufundi. Mikono yake ilikuwa tayari.

Binti wa mfuko wa mbolea nilimwona tena mwaka jana. Amekuwa mama sasa, ana shamba na mumewe kwenye kijiji cha jirani. Nilimkuta anafunga majani kwenye fito, mtoto wake wa miaka minne anachezea vikonyo vilivyodondoka. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka. Nilimwambia yale niliyowaambia nyinyi leo juu ya jani bichi, yale ambayo ningepaswa kumwambia mama yake asubuhi ile. Akasikiliza hadi mwisho, akamwita mtoto, akamnawisha, akampeleka kwa bibi yake nyumbani. Kisha akarudi akaniuliza: "Sasa, bwana shamba, nani atanisaidia kufunga?"

Kitalu cha msimu ujao kinasiwa mwezi wa nane, na fomu za pembejeo zitaanza kujazwa kabla ya hapo. Chama cha msingi cha kijiji chake kimekubali kujaribu zile safu mbili kwa wanachama 40. Nimekuja na daftari lenyewe, liko mezani hapa mbele; kurasa za mwanzo zimeshajazwa kwa penseli ili makosa yafutike. Viongozi wa vyama, naomba mje mlitazame kabla hamjaondoka, mniambie wapi hesabu haijakaa sawa.